Wasomaji Wanauliza: Kabla Wazazi Hawajafunga Geti

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu kuangalia watoto wa watu. Hatuzungumzii kazi ya kuishi na familia mwaka mzima. Ni ile ya kuitwa Jumamosi, wazazi wana harusi Bagamoyo, na binti wa jirani anaambiwa, "Utatuangalizia watoto eti?" Majibu hayalingani urefu, kwa sababu maswali nayo hayalingani uzito.

*

Shikamooni. Nina miaka 19, nimemaliza kidato cha sita nasubiri chuo. Mama mmoja mtaani kwetu ameniomba nikae na wanawe Jumamosi, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni. Mdogo ana miezi 8, mkubwa ana miaka 4. Kaniambia nipite kwake Alhamisi "tuongee kidogo". Niulize nini? Naona haya kumhoji mtu mzima kama polisi.
— Binti wa Tabata, Dar es Salaam

Marahaba, mdogo wetu. Jambo la kwanza ni saa ya kwenda. Chagua saa ambayo watoto wako macho na mdogo anakaribia kula. Omba dakika 45. Ukienda wamelala utaambiwa mambo mengi na hutaona hata moja, na kazi hii hujifunzwa kwa macho. Unataka kumwona mama akimlisha mdogo mara moja, akimbadilisha nepi mara moja, na ikiwezekana akimlaza.

Kuhusu haya, usihoji, omba kuonyeshwa. "Mama, naomba unionyeshe unavyofanya, nisije nikakosea" ni maneno ya adabu, na hakuna mzazi atakayeyachukia. Kalamu na daftari vitoe mbele yake. Mzazi akiona unaandika hupunguza kusema "wewe utajua tu".

Sasa maswali yenyewe. Swali linalojibika kwa "hapana" ni swali bovu. Ukiuliza "Ana mzio wowote?" mama atasema hana. Hadanganyi. Neno mzio halimkumbushi siku ile mtoto alipolamba yai midomo ikavimba. Uliza hivi: "Kuna chakula kilichowahi kumtoa vipele, kumvimbisha au kumtapisha?" Hapo ndipo utasikia, "Ah, karanga kidogo zinamsumbua." Akitaja karanga, nenda naye mpaka kwenye kopo la unga wa lishe. Unga mwingi wa lishe unaouzwa mitaani huchanganywa mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga, na mtu anaweza kumnyima mtoto karanga za kukaanga halafu akamkorogea karanga hizohizo kwenye uji. Akisema unga huo hauna karanga, muulize nani aliusagisha.

Kisha mwombe akupitishe kwenye siku ya mtoto tangu anapoamka: anakula saa ngapi, analala saa ngapi, ana dalili gani akichoka. Mtoto wa miezi 8 anayenyonya hula chakula kingine mara 2 hadi 3 kwa siku, vijiko vikubwa 2 au 3 mwanzoni, akizoea hufika nusu ya kikombe cha mililita 250. Usitegemee vipimo hivi, cha huyu unayemlea ndicho kinachohesabika. Mwombe mama akuonyeshe kikombe na kijiko anachotumia, na uzito wa uji: unabaki kwenye kijiko ukikiinamisha, au unatiririka? Uliza pia maneno ya mtoto mkubwa. Wa miaka 4 anaweza kukulilia "nyonyo" dakika kumi, wewe unadhani anataka ziwa la mama yake, kumbe kwao nyonyo ni chupa ya bluu iliyo juu ya friji.

Kwa mkubwa, uliza asile nini. Karanga nzima, bisi, pipi ngumu, zabibu nzima na soseji iliyokatwa duara humpalia mtoto wa umri huo. Ubuyu nao usisahaulike. Ile rangi na sukari huisha mdomoni, inabaki mbegu ngumu yenye ukubwa wa kuziba koo, na mfuko wa ubuyu haukosi nyumbani Dar es Salaam.

Halafu zungukeni nyumba, na hapa usiharakishe. Mtoto wa miaka 4 ana ujuzi ambao wazazi wameuzoea hadi hawauoni. Uliza, "Huyu anaweza kufungua nini?" Geti? Komeo la bafuni kwa ndani? Swichi ya jiko la gesi? Ukiambiwa hujifungia bafuni, uliza ufunguo wa akiba uko wapi. Angalia ndoo na madumu ya maji yasiyo na mfuniko: mtoto wa miezi 8 aliyeinama kichwa chini kwenye ndoo hawezi kujinyanyua, na maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumzamisha. Angalia chupa za soda au za maji zilizotiwa mafuta ya taa au dawa ya madoa. Ukiiona hata moja, omba ihamishwe wewe ukiwapo. Kama bibi yupo nyumbani, uliza dawa zake za sukari na presha zinakaa wapi. Mara nyingi ziko kwenye mkoba, na mkoba uko kitandani.

Mtungi wa gesi: fungeni na fungueni pamoja. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla: uliza zimebaki yuniti ngapi, na ombeni namba za tokeni ziachwe zimeandikwa kama ziko chache, maana umeme kuisha saa 11 jioni ukiwa na mtoto mgongoni si wakati wa kuanza kutafuta mtu wa kukununulia.

Mwisho, karatasi. Mama aandike kwa mkono wake, ibandikwe kwenye mlango wa friji: namba yake, ya baba, na ya mtu wa tatu anayeishi karibu. Huyu wa tatu ndiye muhimu, kwa sababu harusini muziki una kelele na simu ziko kwenye mikoba. Mpigie mtu huyo Alhamisi hiyohiyo, ajue jina lako. Karatasi iwe pia na hospitali wanayokwenda, namba ya nyumba kama ilivyo kwenye kibao cha anwani, na alama ya kumwelekeza dereva wa bajaji asiyejua namba. Ongeza 112 ya polisi, 114 ya zimamoto, na 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto. Kadi ya kliniki, kadi ya bima kama wanayo, na fedha taslimu ya dharura viwe kwenye bahasha moja, na uioneshwe bahasha hiyo ilipo. "Iko kabatini" si jibu. Kabati lipi, droo ipi?

*

Mama ananiachia maziwa aliyokamua, chupa tatu kwenye friji. Kwetu umeme unakatika ovyo. Nitajuaje kama bado ni mazima? Na akiniachia ya kopo, nikoroge yote asubuhi nipumzike?
— Msomaji wa Kinondoni

La pili tulijibu haraka: hapana, usikoroge yote ukayaacha mezani.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa muda usiozidi saa 4 kwenye chumba cha nyuzi 25 au chini, siku 4 kwenye friji, na kwenye friza yanakuwa bora ndani ya miezi 6. Chumba cha Kinondoni mwezi wa pili kinazidi nyuzi 25, kwa hiyo zile saa 4 zipunguze. Yaliyoganda yakishayeyuka kwenye friji yatumike ndani ya saa 24 na yasirudishwe kugandishwa.

Mwombe mama aandike kwenye kila chupa siku na saa aliyokamua, na aziweke nyuma kabisa ya friji, si mlangoni, kwa kuwa mlango hupata joto kila unapofunguliwa. Aweke kidogokidogo, mililita 60 hadi 120 kwa chupa. Chupa kubwa ina hasara hii: mtoto akishaanza kunyonya, mabaki yana saa 2 tu, baada ya hapo yamwagwe hata kama ni nusu chupa. Na mama aliyekesha anakamua hapendi kuona hayo. Kiasi cha kuacha hukadiriwa mililita 30 hadi 45 kwa kila saa ambayo mama hayupo, na mtoto anayekula uji huhitaji pungufu ya hapo.

Umeme ukikatika, andika saa. Friji isipofunguliwa hutunza ubaridi kama saa 4. Shida ni kwamba watu huifungua kila dakika kumi kuangalia kama bado ina ubaridi. Katizo likizidi hapo, maziwa yanapaswa yawe tayari kwenye kikasha cha barafu chenye vipande vilivyoganda vizuri, ambamo hukaa hadi saa 24. Kwa hiyo swali la kumuuliza mama mapema ni kama anacho kikasha hicho, na kama vipande vya barafu viko kwenye friza au vimetupwa juu ya kabati.

Kupasha: tia maji ya moto kwenye bakuli, simamisha chupa humo, izungushe taratibu. Usiweke jikoni wala kwenye maikrowevu, kwani maziwa hupata joto kwa mafungu. Unayoonja mkononi ni vuguvugu na yaliyo katikati yanaunguza ulimi. Mafuta yakijitenga juu, hayajaharibika. Yazungushe yatachanganyika.

Ya kopo: soma kopo lenyewe. Makopo mengi ni kijiko kimoja kilichosawazishwa kwa mililita 30 za maji, lakini si yote, na kijiko cha kopo moja hakitumiki kwenye kopo lingine. Maji hutangulia, unga hufuata. Maji yawe yamechemka na hayajapita dakika 30 tangu yatoke jikoni, yaani bado yana nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu unga wa maziwa unaweza kuwa na vijidudu na joto hilo ndilo linaloviua. Kisha poza chupa kwenye maji baridi hadi iwe vuguvugu. Maji ya chupa ya chai ya saa 1 asubuhi, ifikapo saa 8 mchana hayana tena joto hilo. Chemsha mengine. Yaliyokorogwa yamwagwe baada ya saa 2, au saa 1 tangu mtoto aanze kuyanyonya.

Kuongeza kijiko "ashibe alale" humkausha mtoto maji na kumfungisha choo. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi humwacha na njaa tumbo likiwa limejaa. Ukimwona mzazi akifanya moja kati ya hayo, muulize kwa upole, "Kopo linasema ngapi, mama?" Msome pamoja.

*

Mimi ni mama wa mapacha. Binti anayekuja kuniangalizia ni mpole, kila nikimwelekeza anasema "sawa dada". Nikirudi nakuta kafanya vingine. Nifanyeje?
— Mama wa mapacha, Arusha

"Sawa dada" haimaanishi ameelewa. Inamaanisha wewe ni mkubwa kwake. Ukimuuliza "Umeelewa?" umemfungia njia, atajibu nini zaidi ya ndiyo? Acha swali hilo kabisa. Sema, "Haya, nionyeshe."

Kabla hujaondoka mara ya kwanza afanye mambo manne mbele yako, wewe ukiwa umekaa umefunga mdomo. Atengeneze chupa moja kuanzia kunawa mikono. Afungue kufuli la geti na kulifunga. Akupigie simu, kwa simu yake na kwa vocha yake. Hapo ndipo utagundua kama hana salio na alikuwa anategemea kukubipu. La nne, mpe mdoli, umwambie mtoto amepaliwa.

Hilo la nne watu wazima wengi nao hushindwa, basi jifunzeni wote. Mtoto chini ya mwaka 1 asiyeweza kulia wala kukohoa: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umeshika taya. Mpige kwa kiganja mara 5 kati ya mabega. Kitu kisipotoka, mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Rudia, huku mtu mwingine anatafuta usafiri. Aliyezidi mwaka 1, mara 5 mgongoni, kisha simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5. Mtoto mchanga habonyezwi tumbo, utaumiza ini. Na vidole visiingizwe mdomoni kupapasa kitu kisichoonekana, vitakisukuma ndani. Anayekohoa kwa nguvu mwacheni akohoe.

Kwako mwenyewe, dada, maelezo yako pia yana kasoro. Huwa unayatoa ukiwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, dereva anapiga honi. Binti afike dakika 30 kabla. Na usiondoke kwa kunyata. Kuanzia miezi 8 hivi hadi mwaka na nusu mtoto hulia sana akiachwa. Ukitoroka, anajifunza kuwa mama hupotea bila taarifa, na siku nyingine hakuachii hata uende chooni. Aga, busu, toka. Kilio cha kuagana mara nyingi huisha dakika chache baada ya gari kuondoka. Cha kugundua kuwa umetoroka huchukua mchana mzima, na anayekisikiliza si wewe.

*

Nyumba moja waliniachia dawa ya maji, wakasema "akichemka mpe kijiko kimoja". Kijiko kipi? Niliogopa kuuliza.
— Dada wa Morogoro

Umeogopa, lakini umeuliza swali zuri kuliko yote ya mwezi huu.

Chukua mtoto wa kilo 10. Parasetamoli hupimwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, kwa hiyo yeye anahitaji miligramu 100 hadi 150. Chupa ya kawaida ya watoto huandikwa 120 mg/5 ml: mililita 5 zinampa 120, sawasawa kabisa. Sasa mtu achukue kijiko cha mezani, kile kikubwa cha mililita 15. Amempa 360, zaidi ya mara mbili ya kikomo chake cha 150. Tena kuna matone ya watoto wachanga, chupa ndogo yenye kitone, ambayo mengine ni 100 mg kwa kila mililita 1. "Kijiko kimoja" cha mililita 5 cha dawa hiyo ni miligramu 500. Jina ni lilelile, ugonjwa ni uleule, na dozi hiyo ikirudiwa siku nzima ini la mtoto linaharibika.

Basi mzazi akitaja dawa, andika mambo haya: jina na nguvu kama vilivyo kwenye lebo, kiasi kwa mililita, saa ya dozi ya mwisho, na uzito wa mtoto. Saa ya dozi ya mwisho ndiyo husahaulika. Mama kampa saa 2 asubuhi, wewe unampa saa 4, jioni baba anarudi na kumpa tena. Kati ya dozi na dozi zipite saa zisizopungua 4, na kwa saa 24 zisizidi dozi 4. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, hivyo ukichanganya mbili umezidisha bila kujua. Kipimo kiwe bomba la plastiki lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na chupa. Vijiko vya jikoni havilingani. Aspirini haipewi mtoto.

Kanuni ya kukubaliana na mzazi: hakuna dawa bila kupiga simu kwanza, hata kama iliachwa mezani. Na "akichemka" nayo ipimwe. Kuwe na kipimajoto, na homa ihesabiwe kuanzia nyuzi 37.5 kwapani, si kwa kiganja cha mtu aliyetoka kuosha vyombo. Kwa mtoto chini ya miezi 3, homa ni safari ya hospitali mara moja. Kwa wakubwa kidogo, kwa kuwa Morogoro kuna malaria, mweleze mzazi kuwa dawa itashusha joto lakini haitasema homa imetoka wapi. Kipimo cha malaria kifanyike siku hiyohiyo. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea hata haamki vizuri, hasubiri wazazi warudi.

*

Mtoto wa miaka 2 alipata degedege mikononi mwangu. Wazazi waliporudi wakasema, "Ah, huwa inampata akiwa na homa." Kwa nini hawakuniambia?
— N., Tanga

Pole. Wazazi huficha kwa sababu mbili: wanaona haya, au wamezoea. Degedege bado lina minong'ono ya mashetani, na siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi, huwafanya wengine wahofie kuwa binti atakataa kuja. Kwa hiyo usiulize, "Ana ugonjwa?" Uliza maswali ya kuzunguka: Amewahi kulazwa? Kuna dawa anayokunywa kila siku, hata ya asubuhi tu? Mbali na chanjo, ana kliniki nyingine anayohudhuria? Homa ikipanda huwaje? Mzazi atakayejibu "anakunywa foliki asidi kila siku" amekuambia jambo kubwa bila kulitaja, maana hiyo ni dawa wanayopewa watoto wa siko seli.

Degedege likitokea: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, legeza nguo shingoni, tazama saa. Kijiko kisiingie mdomoni, kitavunja meno. Asimwagiwe maji, asinyweshwe kitu. Wapo watakaokuja na moshi wa kufukizia. Mshike mtoto wako, wasiufikishe. Likipita dakika 5, au likirudia, ni dharura. Hata likiisha kwa dakika 1, mtoto afike hospitali siku hiyo kuangaliwa malaria na homa ya uti wa mgongo.

Kwa mtoto wa siko seli, mzazi akupe kanuni zake zimeandikwa: anywe maji mara kwa mara, asikae na nguo mbichi wala baridi, dawa saa fulani (walio chini ya miaka 5 wengi huwa na penisilini mara 2 kwa siku). Homa ya nyuzi 38.5, maumivu yasiyotulia, vidole vilivyovimba, weupe wa ghafla wa viganja, au tumbo kuvimba upande wa kushoto: mpigie mzazi ukiwa tayari njiani kwenda hospitali. Kushoto ndiko kuliko bandama, na hubeba damu nyingi kwa muda mfupi.

*

Tulikubaliana saa 12 jioni, wakarudi saa 5 usiku, hela ileile. Baba wa nyumba akataka kunirudisha kwa gari peke yake. Nina miaka 17.
— Binti wa Mwanza

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania hairuhusu mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Basi mwaka huu kazi yako ina mwisho, na unaweza kuutaja hivyo bila kuonekana una kiburi: "Nyumbani natakiwa kabla ya saa 2."

Siku moja kabla, tuma ujumbe mfupi, wala usiogope kuonekana mpenda hela: "Shikamoo mama. Jumamosi nafika saa 3, natoka saa 12. Malipo ni kiasi tulichosema, kila saa inayozidi ni kiasi fulani, nauli ya kurudi kando. Kazi ni watoto na vyombo vyao." Sentensi ya mwisho ndiyo inayozuia beseni la nguo za familia nzima kukusubiri uani. Anayefua hawezi kumwangalia anayetambaa. Ujumbe ukijibiwa "sawa", usiufute.

Kuhusu usafiri: mzazi wako ajue nyumba unayokwenda na namba ya mama mwenye nyumba, na mtu wa kwenu akufuate, au mama akuitie bajaji ya dereva mnayemjua. Hilo lisemwe mapema, likiwa utaratibu wa nyumbani kwenu: "Baba hunifuata mwenyewe." Likisemwa usiku getini linageuka tuhuma. Ukiwa nyumba ambayo mtu anakugusa au anakusemesha vibaya, 116 ni yako pia, maana wewe nawe ni mtoto kisheria.

*

Naruhusiwa kuweka picha ya mtoto kwenye status? Ni mzuri mno.
— Msomaji wa Mombasa

Usiweke. Muulize mama, na hata akikubali, isionyeshe geti, sare ya shule, wala mtoto akiwa anaoga. Picha ikisema "leo niko na mrembo wangu peke yetu" imemweleza kila aliye na namba yako kwamba wazazi hawapo. Hilo likukumbushe swali moja zaidi la kumuuliza mama mkikutana: nani anaruhusiwa kuingia wewe ukiwapo, na nani anaruhusiwa kumchukua mtoto? Akuandikie majina. Mjomba ambaye hayumo kwenye orodha atasubiri nje ya geti wewe ukipiga simu, hata akija na mkate.